Mionzi, Huenda na Hatari: Swali la Simu ya Mkononi na Saratani ya Ubongo Kutoka Lyon Hadi Kisangani

Tarehe 31 Mei 2011, mjini Lyon, Ufaransa, wataalamu 31 kutoka nchi 14 walimaliza kikao cha siku kadhaa kilichoitishwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, yaani IARC, ambao ni chombo cha Shirika la Afya Duniani. Uamuzi wao ulikuwa kwamba mawimbi ya sumakuumeme ya masafa ya redio, yakiwamo yale yatokayo katika simu za mkononi, yawekwe katika kundi la 2B. Kwa Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya ofisi na ya vyuo vya Kongo, vitu vya kundi hilo huelezwa kwa neno peut-être: pengine husababisha saratani, pengine havisababishi. Habari ilitangazwa ulimwenguni siku ile ile. Katika Kiswahili ilikuja na sura ya namna nyingine kidogo: simu huenda ikaleta saratani ya ubongo, na mionzi yake ni hatari.

Sentensi hiyo fupi haina uongo ndani yake, lakini pia haielezi kile kilichoamuliwa Lyon. Makala haya yanafuata njia ambayo swali la simu na saratani lilipitia hadi kufika katika mji wa Kisangani, mkoa wa Tshopo. Hoja yake ni kwamba mji huo ulipokea swali bila kupokea ushahidi wake, na kwamba ugumu wa kulijadili kwa Kiswahili unatokana kwa kiasi kikubwa na maneno matatu ambayo kila msemaji anadhani anayajua: mionzi, huenda na hatari.

Kisangani si mji uliokosa historia ya kupelekeana habari. Walokele wa kando ya Mto Kongo walizungumza kwa ngoma kabla ya wageni kufika, na mmishonari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na mji huo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma hiyo inavyofuata toni za lugha, juu na chini, hata msikilizaji wa mbali akaelewa maneno yenyewe. Kiswahili nacho kilifika hapo kwa njia ya habari na biashara, pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold. Neno simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni waya. Kwa hiyo chombo kisichokuwa na waya hata mmoja kinaitwa waya kila siku, wala hakuna anayestaajabu. Watu wa Kisangani wenyewe, ni kweli, husema telefone mara nyingi kuliko simu.

Mji ulipoingia katika miaka ya 1990 mtandao wa serikali wa simu za nyaya ulikuwa umechakaa, na mtu aliyetaka kuzungumza na ndugu yake wa mbali alitafuta foni, yaani redio ya masafa marefu, katika nyumba za misheni au za wafanyabiashara. Simu ya mkononi ilikuwa imekwisha ingia Zaire: kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilianza kazi mjini Kinshasa katikati ya miaka ya 1980, mapema kuliko katika nchi nyingi za Afrika. Lakini ilikuwa simu ya mawaziri, majenerali na matajiri. Kisha vita vikaja. Kati ya Agosti 1999 na Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana mara tatu ndani ya Kisangani, na mapigano ya mwisho, ya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, yanajulikana mpaka leo kwa jina la vita vya siku sita. Ni baada ya dhiki hiyo, nchi ilipopata sheria mpya ya mawasiliano ya Oktoba 2002 na serikali ya mpito mwaka 2003, ndipo makampuni kama Celtel na Vodacom yalipoisambaza simu ya mkononi hata ikawa chombo cha mwanafunzi na cha mama wa sokoni. Wakazi wengi hawakupata kuwa na simu ya waya nyumbani. Ile ya mkononi ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Yafaa ikumbukwe kwamba kufikia wakati huo swali la saratani lilikuwa na umri wa miaka kumi. Januari 1993 mwanamume mmoja wa jimbo la Florida, Marekani, alijitokeza katika kipindi mashuhuri cha televisheni akasema kwamba mkewe alifariki kwa uvimbe wa ubongo uliosababishwa na simu, kwa kuwa uvimbe ulikuwa upande ule ule aliokuwa akiwekea chombo sikioni. Bei za hisa za makampuni ya simu zilianguka siku chache baadaye. Mahakama iliitupa kesi mwaka 1995 kwa kukosa ushahidi wa kisayansi, lakini swali lilikuwa limekwisha toka nje, na serikali za nchi tajiri zikaanza kugharimia uchunguzi. Hivyo basi hofu hii haikuzaliwa na wajinga wa vijijini, kama baadhi ya wasomi wanavyopenda kudokeza. Ilizaliwa katika nchi iliyotengeneza simu.

Uchunguzi mkubwa wa mwanzo uliitwa Interphone. Uliratibiwa na IARC kuanzia mwaka 2000, ukafanyika katika nchi 13, na matokeo yake makuu yakachapishwa Mei 2010. Watafiti waliwahoji wagonjwa 2,708 wa glioma, ambayo ni aina kubwa ya saratani ya ubongo, na wagonjwa 2,409 wa meninjioma, pamoja na watu wasio na ugonjwa wa kuwalinganisha nao. Matokeo yalikuwa ya kutatiza. Kwa jumla watumiaji wa simu walionekana kuwa na saratani pungufu kidogo kuliko wasiotumia, jambo ambalo hakuna mtafiti aliyelichukua kuwa dalili kwamba simu ni dawa. Lakini katika kundi la waliozungumza kwa simu saa nyingi kuliko wote, yaani saa 1,640 au zaidi katika maisha yao, glioma ilionekana kuzidi kwa asilimia 40. Saa hizo ni sawa na takriban nusu saa kila siku kwa muda wa miaka kumi. Katika kundi hilo hilo baadhi ya wahojiwa walitaja saa ambazo si rahisi kusadikika, na waliofanya hivyo zaidi walikuwa wagonjwa. Mtu aliyeambiwa kwamba ana uvimbe kichwani huyapekua maisha yake akitafuta chanzo, na kumbukumbu zake hufuata anakotafuta. Ni tatizo la kawaida la kila utafiti unaomtaka mgonjwa akumbuke miaka ya nyuma.

Hapa msomaji wa Kisangani anaweza kutabasamu. Katika miaka ile ile ambayo wahojiwa wa Ulaya walikuwa wakihesabu saa zao 1,640, simu ya Kisangani ilikuwa ya sekunde. Mtu alinunua uniti chache, akapiga bipu na kukata, akangoja mwenye uwezo ampigie. Kama wingi wa mazungumzo ndio wenye madhara, basi umaskini ulikuwa kinga.

Huo ndio ushahidi uliowekwa mbele ya wale wataalamu 31, pamoja na tafiti za kundi la Lennart Hardell wa Uswidi zilizoonyesha ongezeko la saratani kwa watumiaji. Walisema kwamba ushahidi kwa binadamu ni wa kiasi kidogo, kwamba makosa ya kukumbuka na ya bahati hayawezi kuondolewa, na kwa hiyo wakachagua 2B. Juu ya 2B kuna 2A, ambamo Kifaransa hutumia probablement. Juu yake kuna kundi la 1, la vitu ambavyo uwezo wake wa kuleta saratani umethibitishwa, kama tumbaku. Kati ya peut-être na probablement pana hatua kubwa. Kiswahili cha magazeti na redio huziita zote mbili huenda. Lugha haikukosa maneno: yamkini hubeba uzito wa jambo linaloelekea kuwa kweli, na labda au pengine huacha mlango wazi pande zote mbili. Lakini huenda hupendwa na watangazaji, na katika sikio la msikilizaji huelekea upande wa ndiyo. Mama akimwambia mwanawe kwamba mvua huenda ikanyesha, anamtaka aanue nguo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi kundi la 2B lilivyokuwa pana. Kahawa iliwekwa humo mwaka 1991 kwa shaka ya saratani ya kibofu cha mkojo, ikakaa miaka 25, ikaondolewa mwaka 2016. Mkoa wa Tshopo ni mahali penye historia ya kahawa: kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, magharibi ya Kisangani, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, kilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya dunia vya kuchagua mbegu za robusta. Kwa miaka mitano, basi, tangu 2011 hadi 2016, simu na kikombe cha kahawa vilikuwa katika kundi moja. Hakuna aliyeogopa kikombe.

Neno la pili ni mionzi. Katika Kiswahili cha kale mwonzi ni mshale wa mwanga, kama ule unaopenya majani ya msitu asubuhi. Karne ya 20 ililipa neno hilo kazi nyingi kwa pamoja: picha za hospitali, tiba ya saratani, bomu la atomiki, kisha antena za redio. Kwa Wakongo mzigo huo si wa mbali. Urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, na kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Kinshasa. Basi msikilizaji akiambiwa kwamba simu hutoa mionzi, anasikia Hiroshima na chumba cha picha za hospitali pamoja. Lakini mionzi ya urani ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu na hivyo kuharibu vinasaba moja kwa moja, na nishati ya wimbi la simu ni pungufu zaidi ya mara milioni moja kuliko inayohitajika kwa kazi hiyo. Athari ya wimbi hilo iliyothibitishwa ni joto dogo mno. Huko Tanzania, ambako kazi ya kupima minara ya simu imo mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki, wataalamu wamelazimika kusema mionzi inayoayonisha na mionzi isiyoayonisha. Istilahi hizo ni sahihi, ila ni nzito mdomoni, na bado zinaliacha neno mionzi likitangulia. Mawimbi lingekuwa neno bora zaidi kwa simu. Ni neno la Kiswahili safi, redio imekwisha lizoeza, na mtu wa mtoni halihitaji kamusi.

Neno la tatu ndilo lenye kuleta kosa kubwa kuliko yote. Hatari kwa Kiswahili ni kitu chenye uwezo wa kudhuru, na pia ni kadiri ya uwezekano wa mtu fulani kudhurika. IARC hujishughulisha na maana ya kwanza peke yake. Hupima kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, wala si ni watu wangapi watakaoipata. Maporomoko ya Wagenia ni hatari, kila mtu Kisangani anajua. Lakini hatari inayomkabili mvuvi anayesimama juu ya miti yake katikati ya maji si ile ya mwalimu anayekaa Mangobo na kushuka mtoni mara moja kwa mwaka kuwaonyesha wageni. Kifaransa kina danger na risque. Kiswahili kinaweza kusema hatari kwa la kwanza na uwezekano wa madhara kwa la pili, iwapo waandishi wataamua kufanya hivyo.

Tangu mwaka 2011 ushahidi umeongezeka, na umeegemea upande mmoja. Uchunguzi wa Denmark uliowafuata waliojiandikisha kwa simu kati ya 1982 na 1995, zaidi ya watu 350,000, haukuona ongezeko la saratani ya ubongo. Uingereza iliwafuata wanawake 776,156 na kutoa jibu hilo hilo mwaka 2022. Mwaka 2018 Marekani ilitoa matokeo ya panya waliowekwa katika mawimbi makali mwili mzima, saa tisa kwa siku kwa muda wa miaka miwili. Panya dume walipata uvimbe wa moyo, na wachache uvimbe wa ubongo, ingawa, kwa mshangao wa watafiti wenyewe, panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasioguswa na mawimbi. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliopitia tafiti 63 zilizochapishwa kati ya 1994 na 2022: hakukuonekana uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi. Mwaka huo huo uchunguzi wa COSMOS, uliowafuata watu zaidi ya 250,000 wa nchi tano za Ulaya, ulikubaliana na jibu hilo. Hoja iliyo nyepesi kuliko zote nayo ina uzito wake: simu zimeenea kwa mabilioni, na rejista za saratani za nchi za Skandinavia hazijaonyesha ongezeko la ugonjwa ambalo lingelingana na mwenendo huo.

Jambo moja la kiufundi lahusu Tshopo kuliko Copenhagen. Simu hupunguza nguvu yake ikiwa karibu na mnara, na huiongeza ikiwa mbali, kwa kuwa inalazimika kupaza sauti ili isikike. Watu huogopa mnara uliojengwa jirani. Lakini kichwa cha mtu hupokea mawimbi mengi zaidi kutoka katika simu iliyobanwa sikioni kuliko kutoka katika mnara wa mita mia kadhaa, na simu ya mkulima wa kijiji cha mbali anayepanda kichuguu kutafuta rezo hufanya kazi kwa nguvu kubwa kuliko ile ya karani wa Makiso mwenye mnara nyuma ya ofisi. Kama kuna mahali ambapo swali hili lingestahili kupimwa upya, ni huko.

Na hapa inafaa kukumbuka kwamba Kisangani imewahi kuhusika na swali zito kuliko hili, la tiba iliyoshukiwa kuleta maradhi. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mji ukiitwa bado Stanleyville, mamia ya sokwe walikusanywa katika kambi ya Lindi, karibu na mji, kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya polio ya Hilary Koprowski, chini ya usimamizi wa maabara ya Stanleyville. Chanjo yenyewe ilitolewa kwa umati wa watu katika Kongo na nchi jirani kati ya 1957 na 1960. Katika bonde la Ruzizi peke yake watu zaidi ya 200,000 walipewa mwaka 1958. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo hiyo ilioteshwa katika figo za sokwe hao na kwamba hivyo ndivyo virusi vya ukimwi vilivyoingia kwa binadamu. Koprowski na wenzake walikana. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: watu wa Kongo walikuwa wamechomwa sindano na kunyweshwa dawa nyingi bila kuulizwa.

Jinsi jibu lilivyopatikana ndilo jambo la kuzingatia. Mwanabiolojia William Hamilton, aliyeona kwamba hoja ya Hooper ilistahili kupimwa, alisafiri hadi misitu ya Kisangani, mara ya pili Januari 2000, katikati ya vita, kukusanya kinyesi cha sokwe wa porini. Aliugua malaria huko na akafariki London mwezi Machi mwaka huo kutokana na matatizo yaliyofuata. Mwenzake wa safari, Michael Worobey, aliendelea. Mwaka 2001 chupa zilizosalia za chanjo zilipimwa: hazikuwa na virusi hivyo, na chembechembe zilizokutwa zilikuwa za nyani wa aina nyingine, wala si za sokwe. Mwaka 2004 Worobey na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo ulio mbali na ule uliozaa virusi vya ukimwi vilivyoenea duniani. Kwa hiyo sokwe wa Lindi hawakuwa chanzo. Swali lililohusu msitu wa Tshopo lilijibiwa kwa vitu vilivyookotwa katika msitu wa Tshopo.

Kwa simu haikuwa hivyo. Kati ya nchi 13 za Interphone hapakuwa na nchi ya Afrika. Uchunguzi wa MOBI-Kids juu ya vijana, uliochapishwa mwaka 2022 na ambao pia haukukuta ongezeko, ulikuwa na nchi 14, na tena hakuna ya Afrika. COSMOS ni ya Ulaya tupu. Sheria za fizikia hazibadiliki mtu akivuka Ikweta, na majibu ya Denmark yana thamani Kisangani pia. Lakini mtu anayeuliza kama wagonjwa wa uvimbe wa ubongo wameongezeka katika mji wake tangu simu iingie, hapati takwimu ya kumjibu. Ugonjwa huu ni adimu kila mahali, wagonjwa wachache kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Katika mji unaokadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja hao wangekuwa makumi, na bila mashine za kupiga picha za ndani ya kichwa, wengi hufa wakiwa na jina la maradhi mengine. Jirani wa karibu mwenye kumbukumbu za namna hiyo ni Kampala, ambako rejista ya saratani ilianzishwa mwaka 1954 na hesabu zake zimekuwa zikichapishwa katika majuzuu ya IARC. Kisangani haijawahi kuonekana katika majuzuu hayo.